Anwani ya Mzee Katibu

Nimekuwa fundi wa kampuni ndogo ya intaneti hapa Tukuyu kwa miaka sita. Nikisema kampuni, watu hufikiria ghorofa na walinzi. Sisi tulikuwa wawili tu: mimi na bosi, mzee wa Kiislamu anayeuza vifaa vya ujenzi pale Makandana. Mbele ya duka aliuza misumari, bati na rangi. Chumba cha nyuma, ng'ambo ya magunia ya saruji, ndicho kilichokuwa na seva yetu, juu ya meza niliyoiinua kwa matofali ili maji ya mvua yasiifikie. Juu ya paa tulisimamisha mnara, na kutoka kwenye mnara huo tuliwarushia intaneti wateja wetu: ofisi mbili tatu, zahanati ya mtu binafsi, steshenari yenye kompyuta za kukodisha, na nyumba chache za Kawetele na Mpuguso.

Kila mteja aliyetaka kwenda nje, yaani kufungua ukurasa wowote au kutuma chochote, alipita kwenye seva ile. Na seva ndiyo iliyoamua atoke na anwani ipi. Hapa ndipo kazi yangu ilipokuwa. Huko nje hakuna anayeiona antena iliyo juu ya paa lako, wala anayejua wewe ni nani. Anachokiona ni anwani uliyotoka nayo, mfuatano wa tarakimu tu, na hiyo ndiyo sura yako. Waliotuuzia intaneti walitupa anwani tano. Mimi niliandika kwenye seva sheria, mstari mmoja mmoja, kwamba watu wa hapa watoke na hii na wale watoke na ile. Kisha niliandika kwenye daftari kubwa la kaunta anwani ipi ni ya nani.

Anwani iliyoishia na kumi na nne ilikuwa ya mzee katibu.

Alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi cha Kawetele, mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye mwavuli mweusi asioufungua hata mvua ikinyesha. Wanunuzi wao walikuwa mji wa mbali, na mfumo wao ulikataa taarifa za kikundi chochote ambacho anwani yake haikuwa imeandikishwa kwao. Ndiyo maana alitaka anwani yake peke yake. Nilimwekea antena mwenyewe. Siku hiyo mkewe alinipikia ndizi na maharage, na mzee akanisimamia chini ya ngazi akiuliza maswali.

“Kwa hiyo namba hii nikitoka nayo, wanajua ni mimi?”

“Wanajua ni wewe, tata,” nikasema, yaani baba.

“Na mtu mwingine hawezi kuitumia?”

“Hawezi. Mpaka mimi nimruhusu.”

Alicheka, akasema basi yuko mikononi mwangu. Nami nilicheka.

Mwaka uliofuata, mwezi wa pili, katika msimu wa maombi ya vyuo, mama mwenye steshenari alikuja dukani akiwa amelowa na amekasirika. Kompyuta zake zilikuwa zimejaa vijana waliotaka kujaza fomu, lakini kurasa za vyuo zilikuwa zinawakataa. Nilikagua. Kompyuta yake moja ilikuwa imeingiwa na virusi, na kwa wiki nzima ilikuwa ikimwaga barua pepe za kitapeli duniani kote bila mtu kujua. Anwani ya steshenari ilikuwa imechafuka na kuingizwa kwenye orodha za kukataliwa. Kuisafisha kungechukua siku kadhaa, na mwisho wa maombi ulikuwa kesho yake.

“Nisaidie, mwanangu,” alisema. “Kuna mtoto ametembea na mvua hii kutoka Mpuguso. Nimwambie nini?”

Nilimwonea huruma. Nilitazama anwani zangu tano. Ile ya mzee katibu ilikuwa safi kuliko zote, kwa sababu aliitumia mara mbili tu kwa wiki, asubuhi. Nikaandika mstari mmoja juu kabisa ya orodha ya sheria: wa steshenari watoke na ya kumi na nne. Pembeni nikaandika maneno mawili ya kujikumbusha: ya muda. Nilikusudia siku mbili, tatu. Fomu zikapita, mama akaniletea mkungu wa ndizi kwa shukrani, mnara ukapigwa na radi wiki ile ile, na nikashinda juu ya paa siku nne nikibadilisha vifaa. Ule mstari nikausahau. Nilikuwa nimemkopesha mtu kitu kisicho changu, na mwenyewe sikumwambia.

Mwezi wa tatu na wa nne, mvua zikiwa zimekaza, ndipo nesi mstaafu wa Mpuguso alipoanza kupata ujumbe kwenye simu yake.

Nesi huyu namjua tangu utotoni. Alikuwa kazini siku mama yangu alipojifungua mdogo wetu wa mwisho, na mpaka leo mama hamtaji bila kumwombea. Alikuwa mjane na aliishi peke yake. Shamba lake la parachichi lilikuwa Kawetele, hivyo alikuwa mwanakikundi. Hakuwa mtu wa kunyamaza. Katika mkutano mmoja wa kikundi alisimama akasema dawa inapulizwa karibu mno na chemchemi ambayo watu wanachota maji ya kunywa, na kwamba katibu anajua na anafumba macho. Mzee katibu, ambaye hakuzoea kusemwa mbele za watu, alinyanyuka akamnyooshea mwavuli.

“Mama, utakuja kuona!”

Watu zaidi ya arobaini walisikia maneno hayo. Baadaye kila mmoja aliyakumbuka.

Ujumbe wa kwanza ulitoka kwenye akaunti isiyo na picha ya mtandao wa kijamii. Ulisema: Mvua zikikatika, nyumba yako itawaka. Wa pili ulikuja wiki mbili baadaye: Tunajua unasali ibada ya kwanza. Wa tatu ulikuwa na maneno mawili tu: Mvua zinapungua.

Nesi aliupeleka ujumbe wote kituo cha polisi. Shemeji yake akahamia kwake kumlinda. Habari zikasambaa, na mwaka ule watu wa Mpuguso walianza kuangalia mbingu kwa namna ambayo sijapata kuiona. Hapa kwetu mvua ndiyo inayotuchosha. Tunalalamika nguo hazikauki, kuni hazishiki moto. Mwaka ule nilimsikia mama mmoja gengeni akisema, “Bora inyeshe tu.” Wenzake wakaitikia kwa kichwa bila kucheka.

Mwezi wa tano barua ililetwa dukani na askari wa upelelezi. Wenye mtandao ule wa kijamii walikuwa wametoa anwani ambayo ujumbe ule ulitoka nayo. Barua ilitaja anwani, siku tatu na saa tatu. Iliuliza: anwani hii mmempa nani?

Bosi alivaa miwani, akaisoma mara mbili, akaniita.

“Fundi, hii ya kumi na nne ni ya nani?”

Kumbukumbu za seva za nani alipita wapi na saa ngapi zilikuwa zinajifuta zenyewe kila baada ya wiki mbili, kwa sababu diski ilikuwa ndogo. Za siku zile zilikuwa zimekwisha kufutika. Nikafungua daftari, nikashuka kwa kidole.

“Ya mzee katibu,” nikasema.

Nakumbuka nilivyotamka. Nilishtuka, kweli, lakini chini ya mshtuko nilihisi pia ile raha mbaya ya mtu anayejua jibu. Bosi akaandika barua fupi, akagonga mhuri. Askari akaipokea kwa mikono miwili.

Mzee alichukuliwa siku mbili baadaye, akiwa shambani. Walichukua na kompyuta yake, simu ya mkewe na daftari za kikundi. Hapakuwa na purukushani. Walioshuhudia walisema aliomba anawe miguu kwanza, na akaruhusiwa. Jioni ile ile mtu alikuwa ameshachora msalaba wa mkaa kwenye mlango wa ofisi ya kikundi. Wiki haikuisha, mkewe akaacha kwenda sokoni, maana wanawake walikuwa wakimpisha njia kwa heshima ambayo haikuwa heshima.

Mimi niliendelea na kazi. Nilisema kama wengine: nani angedhani, mwalimu mzima.

Alhamisi ya wiki ya pili nilikuwa naongeza mteja mpya. Ili kumwekea anwani yake ya kutokea ilibidi nisome orodha ya sheria kuanzia juu, kwa sababu seva huzisoma kwa mpangilio huo, na ya juu ndiyo inayoshinda. Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa ule wa steshenari. Watoke na ya kumi na nne. Pembeni: ya muda.

Nilisoma kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la msiba. Nje bosi alikuwa akibishana na mteja juu ya unene wa bati. Niliisikia kila sauti. Mstari ule ulikuwa umekaa pale tangu mwezi wa pili. Kwa miezi yote hiyo kila aliyekaa kwenye kompyuta za steshenari, mpita njia yeyote, alikuwa akitoka duniani kwa sura ya mzee katibu.

Nilisubiri mteja aondoke, nikamweleza bosi. Alikaa juu ya ndoo ya rangi.

“Nani mwingine anajua?”

“Wewe na mimi.”

“Wallahi, binti.” Alivua miwani akaifuta kwa kanzu, akaivaa, akaivua tena. “Barua ile ina mhuri wangu. Tukisema leo tulikosea, watauliza leseni tulipewa na nani. Labda ni mzee mwenyewe kweli. Unajua wewe kwamba si yeye?”

“Sijui. Ila sijui pia kwamba ni yeye, na sisi tulisema tunajua.”

“Subiri mpaka Jumatatu. Nina mwanasheria Mbeya. Niongee naye kwanza, halafu twende pamoja, tukiwa na maneno yaliyonyooka. Siku nne hizi hazimuui mtu.”

Nilikubali. Ningependa kuandika kwamba nilibishana, lakini nilikubali haraka, na nilipotoka pale nilihisi nafuu kama mtu aliyepewa ruhusa ya kulala. Jambo moja nililifanya. Seva ilikuwa inajihifadhia nakala ya sheria zake kila Jumapili. Nilizichapa zote, kuanzia mwezi wa kwanza, nikaziweka kwenye bahasha, nikaificha chini ya nguo zangu.

Ijumaa mvua haikunyesha. Jumamosi asubuhi nilipoamka, Mlima Rungwe ulikuwa wazi mpaka kileleni, majani yake yote yanaonekana, na anga nyuma yake lilikuwa la buluu kavu. Watu walianika mahindi na magodoro. Mimi nilikwenda sokoni Mpuguso kumnunulia mama viazi, na hapo nikakutana uso kwa uso na nesi.

“Mugonile, mama,” nikamwamkia.

“Ndaga, mwanangu. Mama hajambo? Miguu yake?”

Alikuwa amenawiri. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na kapu lake limejaa. Akanishika mkono, akanivuta pembeni ya wauza vitunguu.

“Nimesikia ni nyie mliowaambia polisi anwani. Mungu awabariki. Unajua tangu mwezi wa tatu nilikuwa sili vizuri? Sasa nakula. Shemeji nimemwambia arudi kwake, ana mifugo yake. Nimekaa na watu wa kunilinda utadhani mimi ni benki.”

Akacheka. Nilikuwa nimeshika mfuko wa viazi kwa mikono yote miwili. Maneno yalikuwa pale, mdomoni: mama, usimruhusu shemeji aondoke, aliyekuandikia huenda yuko hapa hapa sokoni. Niliwatazama watu waliokuwa wakipita nyuma yake, mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwaogopa watu wa Mpuguso.

“Mbona umepauka?” akaniuliza. “Umekula?”

“Jua, mama. Sijalizoea.”

“Kunywa maji,” akasema, akanipapasa shavu, akaenda zake.

Kesho yake, Jumapili, jiko lake la nje lilichomwa wakati wa ibada ya kwanza. Lilikuwa la kuta za matofali na paa la nyasi, na kwa siku tatu za jua lilikuwa limekauka. Majirani wengi walikuwa kanisani. Moshi ulionekana na waliokuwa bondeni wakichota maji, na walipofika juu paa lilikuwa limeshaanguka. Moto ulikuwa umeshika pia banda la ng'ombe. Ng'ombe mwenyewe alikatwa kamba akaponea kwenye migomba, mgongo umeungua. Nyumba kubwa haikushika, kwa sababu upepo ulikuwa ukivuma kuelekea upande wa barabara. Nyuma ya jiko waliokota chupa ya plastiki iliyonuka mafuta ya taa. Hakuna aliyeona mtu.

Niliambiwa nikiwa nyumbani, mchana, na jirani yangu aliyetoka huko. Alimalizia kwa kusema, “Sasa wamejua katibu ana wenzake. Wanawafuata wanawe.”

Niliketi kitandani. Nilikuwa nimedhani, kwa dakika moja ya aibu, kwamba moto ule ungemwokoa mzee, kwamba watu wangesema: si yeye, yeye alikuwa ndani. Kumbe ulimkaza zaidi. Uongo wangu ulikuwa na uwezo wa kula kila kitu kilichotupwa juu yake na kunenepa.

Jumatatu sikwenda dukani. Nilikwenda kituoni na bahasha yangu. Mpelelezi alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini na kalamu mbili mfukoni. Alinisikiliza huku akipekua zile karatasi, na niliona hazimwambii kitu.

“Dada, hizi ni namba. Nifafanulie kama unamfafanulia mama yako.”

“Afande, ni kama watu ishirini wanatoka ndani ya nyumba kwa zamu, na wote wanavaa koti moja. Aliye nje haoni nyuso. Ameona koti. Mmetuuliza koti ni la nani, tukasema la mzee katibu. Ni kweli ni lake. Lakini hakuwa analivaa peke yake.”

“Nani aliwapa wengine koti la mzee?”

“Mimi.”

“Yeye alijua?”

“Hakujua.”

Akachukua kalamu. Nikamwonyesha nakala ya mwezi wa kwanza, ambamo ule mstari haupo, na ya mwezi wa pili, ambamo upo, kisha zile za Jumapili za kabla na baada ya siku tatu zilizotajwa kwenye barua, ambamo bado upo. Akaniomba niweke sahihi kila ukurasa. Nilipofika wa mwisho akaniuliza, bila kupandisha sauti:

“Uligundua lini?”

“Alhamisi.”

“Leo Jumatatu.”

“Ndiyo, afande.”

“Na jana kumechomwa.” Hakuandika hilo. Alilisema tu, akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. Kisha akaita askari aliyekuwa mlangoni, akamwambia wale watoto wa mzee wasifuatwe kwanza.

Bosi alipigiwa simu, akaja na kanzu yake ya Ijumaa. Nilitegemea anifokee. Alisema mbele ya mpelelezi kwamba mhuri ni wake na kosa ni lake, na kwamba mimi nilitaka kusema mapema, yeye ndiye aliyenizuia. Haikuwa kweli kama alivyoisema, maana hakunizuia kwa nguvu. Sikumsahihisha. Hilo nalo linanisumbua.

Polisi walikwenda steshenari siku ile ile. Kulikuwa na kompyuta sita na viti sita vya plastiki. Hakuna daftari la wateja. Mama mwenye duka alilia, akasema watu huingia, hulipia nusu saa, huondoka. Wanafunzi, madereva, watumishi, hata wazee wa kanisa huja kuchapa taarifa zao. Kompyuta alikuwa amezisafisha zote tena mwanzoni mwa mwezi wa tano kwa ajili ya virusi, kwa ushauri wangu. Kwa hiyo hata huko, mkono uliofuta nyayo ulikuwa wangu.

Mzee katibu aliachiwa Jumatano. Nilikwenda kwake Ijumaa. Nilimkuta amekaa barazani, na antena iko chini, imeegemezwa ukutani. Alikuwa ameishusha mwenyewe, kwa umri ule. Nilipiga magoti nikamweleza yote, kuanzia mama wa steshenari na vijana wa fomu. Mkewe alisimama mlangoni, hakunikaribisha ndani.

“Ulisema hawezi kuitumia mtu mpaka wewe umruhusu,” mzee akasema.

“Ndiyo, tata.”

“Basi hukunidanganya.” Akaitazama antena ile. “Kule ndani kuna mtu alinifundisha namna ya kulala nimekaa. Nimefundisha watoto miaka thelathini na kitu, sikujua kwamba hata hilo linafundishwa. Wanangu waliniamini, wale wawili. Huyu hapa,” akaelekeza kidevu mlangoni kwa mkewe, “siku ya tano alikuja kuniona, akaniuliza: ni wewe? Akaniuliza kweli. Na mimi sikumlaumu. Watu wakubwa walikuwa na karatasi yenye mhuri. Mimi nilikuwa na mdomo tu.”

Mama yule aligeuka akaingia ndani. Mzee akamsindikiza kwa macho.

“Chukua mtambo wako, mwanangu. Ndaga fijo, asante kwa kuja.”

Nilibeba antena ile begani mpaka barabarani. Ukatibu aliuacha. Kikundi kilimwandikia barua ya kumwomba arudi, na nasikia aliirudisha ikiwa imesahihishwa makosa ya tahajia kwa kalamu nyekundu, bila jibu lingine.

Kwa nesi nilikwenda mwisho, kwa sababu niliogopa zaidi. Alikuwa kwenye jivu la jiko lake, anaokota masufuria na kuyagonga ili majivu yatoke. Mengine yalikuwa yamepinda kwa moto. Nilianza kumwamkia, akanikatiza.

“Jumamosi, pale sokoni. Ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, mama.”

Akatikisa kichwa polepole, kama alivyokuwa akifanya hospitalini alipoambiwa habari za mgonjwa. Akainama, akaendelea kuokota. Nilimsaidia. Hakunikataza, wala hakunisemesha tena, na tulipomaliza aliingia ndani akafunga mlango. Mwezi wa saba mwanawe alikuja kumchukua akamhamishia Mbeya. Ng'ombe walimuuza. Nyumba ipo, madirisha yamepigiliwa mbao, na migomba imeanza kuiparamia.

Aliyeandika ujumbe ule na aliyewasha moto hawajajulikana mpaka leo. Huenda ni mtu mmoja, huenda ni wawili. Kuna wanaosema ni mambo ya shamba, kuna wanaosema ni ya chemchemi, na wako, wachache, wanaosema bado ni mzee katibu. Hao ndio siwezi kuwajibu wakanisikia.

Kampuni haikufungwa. Tulipewa onyo la maandishi na masharti. Nilinunua diski kubwa, na sasa kumbukumbu za nani alitoka na anwani ipi, dakika ipi, zinakaa mwaka mzima. Tuliongeza anwani, kila mteja ana njia yake ya kutokea, na sheria yoyote ninayoigusa inasainiwa na sisi wawili kwenye daftari. Mama wa steshenari anaandika majina ya wanaokaa kwenye kompyuta zake, ingawa nimeona majina mengine ambayo hayawezi kuwa ya mtu. Ile ya kumi na nne sijampa mtu.

Miezi kadhaa baada ya hayo, mchana wa ukungu, nilikuwa chumba cha nyuma nikisafisha vumbi la saruji kwenye feni za seva. Nilisikia mteja akimsalimia bosi kwa adabu, akaomba misumari ya inchi tatu, kilo moja. Bosi akapima. Mteja akauliza, kama mtu anayepiga soga tu:

“Mzee, nasikia mtambo wenu siku hizi unakumbuka kila aliyetoka. Ni kweli?”

“Kila mtu,” bosi akajibu. “Mwaka mzima.”

“Na wa zamani? Wa kabla ya hapo?”

Nilisikia mizani ikigonga kaunta.

“Wa zamani walifutika.”

“Ahaa,” akasema yule mtu. “Basi nashukuru.”

Nilizunguka magunia nikatoka mbele haraka, kitambaa bado mkononi. Alikuwa ameshafika mlangoni. Niliona mgongo wa koti la mvua la kijani, kofia imevutwa, na mfuko wa misumari ukining'inia. Nikakimbilia barazani, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, na watu waliokuwa wakipita Makandana saa ile, wa kwenda na wa kurudi, karibu wote walikuwa wamevaa makoti ya mvua.